Chupa Mbili za M

Kila Jumamosi nilimsaidia mama mdogo kwenye maabara yake, chumba kimoja nyuma ya zahanati chenye meza, sinki na harufu ya spiriti isiyotoka puani hata upige chafya mara kumi. Kazi yake ilikuwa kupasua konokono. Ndiyo, konokono! Darasani walinitania weee, lakini mimi nilijiona daktari kamili.

Siku hiyo alinituma nikakusanye konokono wa aina moja kutoka sehemu mbili: mtoni, ambako maji yanakimbia, na mferejini, ambako yametuama. Nilivaa buti na glavu, nikawachota kwa chujio lenye mpini mrefu. Jua lilikuwa kali na nilitaka kumaliza upesi. Kwenye chupa ya kwanza nikaandika M, ya mto. Kwenye ya pili nikaandika M, ya mfereji. Nilikuja kugundua ujinga wangu chupa zikiwa tayari mezani.

Mama mdogo alivunja magamba, akatoa tezi zilizojikunja kwenye ncha, zile zinazomeng'enya chakula cha konokono, kisha akaniita kwenye hadubini. Tezi za chupa moja zilikuwa za kahawia, safi. Za chupa nyingine zilikuwa zimevimba, zimepauka, zimejaa vimelea vya kichocho vinavyofurukuta.

"Vikitoka kwa konokono vinapenya ngozi ya mtu," alisema. "Ukioga maji haya, umekwisha. Hii chupa ni ya wapi?"

Kusema sijui maana yake kurudi kule juani, na pengine kufukuzwa maabara.

"Ya mtoni," nikasema.

"Mtoni? Ajabu! Kwa kawaida vimelea hivi hujaa kwenye maji yaliyotuama. Una hakika?"

"Nina hakika, mama mdogo."

Wiki hiyohiyo bango likawekwa: mto umefungwa, watu waoge na kufua mferejini. Kila siku nililipita nimeinamisha kichwa, nikijiambia huenda nilibahatisha sawa.

Miezi mitatu baadaye, asubuhi, mdogo wangu tuliyemwita Kijino alitoka chooni analia. "Dada, nakojoa damu."

Kijino aliuogopa mto, hakuwahi kuutia hata kidole. Lakini tangu bango liwekwe, alikuwa akioga mferejini kila jioni.

Nilikimbia hadi maabara bila viatu. "Mama mdogo, nilikudanganya. Sikujua chupa ipi ni ya wapi. Zote niliandika M."

Hakunipiga wala hakufoka. Alichukua chujio, akasema, "Vaa buti. Twende wote."

Tulichota upya, safari hii tukiandika maneno mazima. Tezi za konokono wa mfereji ndizo zilizopauka. Jioni ile bango liling'olewa na mfereji ukafungwa. Kesho yake watoto arobaini wa mtaa walipimwa, ishirini na sita wakakutwa na kichocho. Walipanga foleni kumeza vidonge, Kijino akiwa mbele, na muuguzi akasema watapona. Ila msichana ninayekaa naye dawati moja alilazwa, maana damu ilikuwa imempungua sana.

Mama mdogo alitaka niseme mwenyewe mbele ya wazazi. Nilisema. Mama wa yule msichana aliniangalia tu, akaondoka kurudi wodini. Heri angenitukana.

Tulibaki wawili kwenye benchi la zahanati, mimi nikilia.

"Na mimi nina kosa," alisema mama mdogo. "Nilishangaa, nikakuuliza mara moja tu, nikaridhika. Lakini sikiliza, mwanangu. Ungeniambia 'sijui' siku ile, tungepoteza mchana mmoja. Neno hilo halina aibu hata kidogo. Mimi nalisema kila siku humu ndani. Aibu ni kusema 'nina hakika' na huku hujui, halafu watoto wa watu wakakuamini, wakaenda kuoga."