Kisima cha Kidawa na Dawa ya Mikorosho

Kila asubuhi kule Kiranjeranje, Kidawa alichota maji kwenye kisima cha nyuma ya nyumba, akayachemsha, akapika uji. Mwanawe Tawakali akinywa tu, anatapika. Uji wenyewe ulinuka dawa ya kupulizia mikorosho, ile ya maji iliyojaa madukani tangu biashara ya dawa hizo iachiwe watu binafsi.

Kidawa si mvivu. Akazidi kuchemsha. Siku moja alichochea kuni mpaka maji yakabaki nusu sufuria. Harufu ndiyo kwanza ikapanda.

Akapita jirani yao Yustina, aliyekuja likizo kutoka maabara ya maji mjini Lindi. Kidawa akamweleza yote.

"Mpeleke mtoto zahanati sasa hivi," Yustina alisema. "Na maji hayo asinywe tena. Kuchemsha kunaua vijidudu. Dawa siyo kijidudu, dada. Umepunguza maji, dawa imebaki palepale."

"Sasa dawa imefikaje kisimani?"

Yustina akanyoosha kidole. Haruna, mume wa Kidawa, alikuwa amechuchumaa kando ya kisima, anaosha mashine ya kupulizia mikorosho. Masuuzo yakatiririka, yakarudi kisimani. Miaka yote Kidawa alikuwa anamsifu mumewe kwa usafi.

Jioni, walipotoka zahanati, Haruna akamuuliza Yustina kwa sauti ya chini, "Dawa haitoki kabisa majini?"

"Kule maabara tunajaribu. Maji tunayatia unga mweusi, unaitwa kichocheo. Tunayaweka kwenye maikrowevu, jiko la umeme la mawimbi. Unga ukipigwa na mawimbi unapata joto kali, unaivunjavunja dawa mpaka inaisha nguvu. Bila unga ule, jiko peke yake halifui dafu."

"Basi tuletee jiko hilo, shemeji."

"Utalichomeka kwenye mkorosho?"

Kidawa akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Yustina akaondoka na chupa moja ya maji ya kisima. Baada ya mwezi akarudi nayo. Haikunuka.

"Hii moja imetuchukua siku nzima," alisema. "Kisima chako kina chupa ngapi, Haruna?"

Haruna alichukua shoka, akakata magogo, akakifunika kisima.

Siku hizi mashine anaisuuzia shambani, na masuuzo anayapulizia mikorosho ileile. Kidawa anafuata maji kwenye pampu ya kijiji, nusu saa kwenda. Shingo inamuuma. Lakini Tawakali anakomba bakuli la uji, anadai jingine.