Mtu wa Kipimo

Tulikuwa tumebakiza picha ya Desemba tu. Kalenda ya mwaka ujao ilikuwa imekwama kwa sababu yetu, mchapaji anapiga simu asubuhi na jioni mpaka mjomba akazima yake. Jua lilikuwa linashuka, na sisi tuko barabarani na lile gari letu bovu, tunatafuta mlima, mto, chochote kizuri, kabla giza halijaingia.

Mjomba ndiye aliyenilea, yeye zaidi kuliko mkewe. Mama yangu, dada yake wa tumbo moja, alikufa nikiwa bado sijaota meno. Mjomba akanibeba, akanichana nywele za kwenda shule huku akinivuta mpaka machozi, akanifundisha kazi ya picha. Nilimpenda. Nalisema hili mapema, usije ukaniambia baadaye kwamba sikumpenda.

Kazi yenyewe ina siri moja. Mlima ukiupiga picha peke yake, kwenye karatasi unakuwa kichuguu. Lazima umweke mtu mahali, mdogo, amekupa mgongo, amevaa nguo nyekundu, ndipo macho yajue mlima ni mkubwa kiasi gani. Sisi tunamwita mtu wa kipimo. Anatazama mbali kwa sababu hakuna anayetaka kukaa na sura ya mtu asiyemjua ukutani mwezi mzima. Mara nyingi mtu huyo nilikuwa mimi, na mjomba hakuwahi kuniruhusu nisogelee ukingo wowote. Nilikuwa namtania kwamba anaogopa hata ngazi ya studio.

Siku ile lori lilikuwa limelala katikati ya barabara kuu. Askari akatuonyesha barabara ya zamani, ile inayopanda mlimani.

Mjomba, mtu ambaye mdomo wake hauna breki, akanyamaza.

"Tungoje walitoe," akasema baadaye.

"Na jua nalo litangoja?"

Magari ya nyuma yakaanza kupiga honi. Akakata usukani bila kunitazama.

Kule juu… Mungu wangu. Bonde zima lilikuwa limejaa mawingu, na jua limeyapaka rangi ya embe bivu. Nikashusha kioo, nikawa napiga picha tu, kona baada ya kona, nacheka peke yangu kwa furaha.

"Funga kioo," mjomba akasema. "Baridi."

Alikuwa anatokwa na jasho.

Nikazitazama picha kwenye kamera. Ya kwanza ilikuwa nzuri. Ila pembeni, mbele ya gari, alisimama mwanamke wa gauni jekundu, ametupa mgongo. Sikukumbuka kumwona. Nikaenda picha iliyofuata, kona nyingine kabisa ya mlima. Yupo. Amesogea karibu zaidi. Iliyofuata… niliweza kuona nyuzi za pindo la gauni lake, zimechanika na kujaa udongo.

Nikainua macho. Barabara ilikuwa tupu.

Halafu ikaja harufu. Kali, chungu, kama siki. Niliijua. Ilikuwa dawa ya kusafishia filamu, ambayo tuliacha kuitumia tangu tuliponunua kamera za kisasa na chumba cha giza kikawa stoo ya mafremu.

"Umefungua nini?" mjomba akanong'ona.

"Sijafungua kitu."

"Yumo kwenye picha?"

Sikuwa nimemwambia chochote kuhusu picha.

Gari likakohoa. Likakohoa tena. Likazima.

Tulikuwa tumesimama kwenye kipande cha changarawe ambapo wasafiri huegesha watazame bonde. Mbele yetu jiwe refu lilijitokeza hewani, chini yake mawingu matupu. Nililitambua. Picha iliyompa mjomba jina, ile aliyoitundika mlangoni pa studio, ilipigwa hapo: jiwe, mawingu, na mtu wa kipimo mwenye gauni jekundu. Sikuwahi kuuliza ni nani. Mtu wa kipimo haulizwi ni nani.

Alikuwa amesimama palepale.

Hapakuwa na upepo, lakini gauni lilikuwa linapepea.

Mtu mwenye akili zake angekimbia. Mimi nilishuka na kamera na stendi yake, kwa sababu mwanga ule sijauona tena tangu siku hiyo, na kwa sababu miguu yangu ilikuwa imeshaamua. Mjomba alibaki ndani amefunga milango, kana kwamba vitasa vya gari lile viliwahi kumzuia mtu.

"Umekua," mwanamke akasema.

Hakugeuka. Alikuwa mbali kule jiweni, lakini sauti ilitokea sikioni pangu.

"Wewe ni nani?"

"Una shingo ya mama yangu. Bibi yako."

"Geuka nikuone."

"Sigeuki, mwanangu. Nilikoangukia, uso haukubaki. Muulize kaka yangu nilianguka vipi."

Mlango wa gari ukafunguka wenyewe. Mjomba akatoka akiburuza visigino, kama mtu anayevutwa mkanda, na maneno yakamtoka kabla sijamuuliza.

"Nilimwambia asogee mbele kidogo. Kidogo tu. Mawingu yalikuwa mazuri mno…"

"Malizia," sauti ikasema.

"Akateleza."

"Malizia, kaka."

Mjomba akaanza kulia.

"Nilishika mzizi," mama akanimalizia. "Nikaita. Nilimwita kaka, nikamwita kwa ajili yako, maana nilikuwa nakusikia unalia garini, unataka kunyonya. Na yeye alinisikia. Ila jua lilikuwa linazama na filamu ilikuwa imeisha. Akaniambia, ngoja, naja."

Mjomba akajifunika uso kwa viganja.

"Akabadilisha filamu kwanza."

Nikamtazama mjomba. Nilitaka akatae. Nilitaka aseme huyu ni shetani, mwongo, twende zetu.

"Ni kweli?"

"Mpwa wangu, ule mwanga…"

Mwanga! Angesema aliogopa, angesema mwili ulimganda, labda ningemsamehe. Damu ilinichemka mpaka masikio yakaziba. Miaka yote ile nikimwita baba mbele za watu.

"Leo nataka kutazama mimi," mama akasema. "Asimame yeye."

Jiwe likawa tupu. Nyuma yangu pakawa na ubaridi, na ile harufu ikanijaa kooni. Mjomba akaanza kutembea kuelekea jiweni. Kichwa chake kilikuwa kinageuka kunitafuta, lakini miguu haikuwa yake tena.

"Nishike, mpwa wangu. Ukinishika mkono tu, ataniachia."

Nadhani alikuwa anasema kweli. Alipita karibu nami kiasi kwamba koti lake lilinigusa. Ningeinua mkono tu.

Sikuinua.

Akafika. Akanigeukia, machozi yanamtiririka. Kidole cha baridi kikalala juu ya kidole changu, kwenye kitufe.

"Rudi nyuma kidogo," sauti ikasema.

Sijui ilikuwa ya nani kati yetu wawili.

Kamera ikalia. Vijiwe vikaporomoka.

Halafu, kutoka chini…

"Mpwa wangu! Nimeshika mzizi! Nirushie kamba!"

Kamba ilikuwa nyuma ya gari. Nilikuwa naiona kutoka pale niliposimama. Nikaitazama kamera. Betri ilikuwa inakaribia kwisha.

"Ngoja," nikamwambia. "Naja."

Nikabadilisha betri.

Askari waliandika kwamba aliteleza. Waliomtoa bondeni hawakutaka kuzungumza sana. Mmoja wao tu ndiye aliyeninong'oneza kwamba mjomba alikutwa amelala juu ya mifupa ya zamani, na mikono ya ile mifupa ilikuwa imemzunguka shingo. Walilazimika kuivunja ili wamtoe. Akaniuliza kama najua lolote. Nikamwambia sijui, na kwa hilo la mikono kweli sijui.

Picha nayo siielewi. Mjomba alikuwa ananitazama usoni, naapa. Kwenye picha amenipa mgongo, na koti lake la bluu limekuwa jekundu. Mchapaji aliisifu, akasema Desemba nzuri kama hii hajawahi kuichapa.

Gari halijazima tena tangu siku ile. Kiti cha mbele cha abiria hakipati joto, hata jua liwake vipi. Nikiwa safarini huwa mama ananinong'oneza nisimame wapi, wapi pana mto mzuri, wapi ukungu utafunguka. Ananiuliza kama nimekula. Nina mama sasa, na sioni aibu kusema kwamba nafurahi.

Ila kuna jambo halimwishi moyoni, na amenisimulia. Filamu ile ya pili, mjomba alipoiweka, picha ya kwanza aliyopiga ilikuwa ya jiwe tupu, na ukingoni vilionekana vidole. Mtu fulani aliisafisha filamu hiyo kwenye chumba cha giza, akaviona vidole, akachukua mkasi, akaikata picha hiyo. Siku zile kazi ya kusafisha filamu ilikuwa ya mke wa mjomba peke yake.

Ndiye aliyeniambia, nikiwa mtoto, kwamba mama alikufa kwa homa, kitandani, yeye akiwa amemshika mkono mpaka pumzi ya mwisho. Alisimulia vizuri sana. Hata machozi yalimtoka.

Jana nimempigia simu. Nimemwambia amekaa ndani na ujane wake vya kutosha, nije nimchukue tukapunge hewa, aone mahali mumewe alipofia. Amefurahi, masikini. Ameuliza tutakuwa wangapi garini, nikamwambia ni sisi wa familia tu.

Nitamweka kiti cha nyuma. Nataka amweleze mama mwenyewe hiyo homa ilianza lini.