Nyumba Iliyoezekwa Tupu

Huo mdomo ulioubenua, urudishe mahali pake. Hujasikia hata neno moja na tayari umeamua kwamba ni uongo. Simu ikikwambia kuna mwanamke huko ng'ambo amezaa mapacha saba, unaamini na unawaonyesha majirani. Ila jambo la hapa Kasongo, la njia hii hii ya kwenda sokoni, la mwanamke ambaye umepita mlangoni kwake mara ngapi, hilo unataka liletwe na muhuri wa serikali. Basi usiamini. Jini hana haja ya kuaminiwa na wewe. Ila ukae kimya, na usiinuke katikati ukasingizia chungu kinaungua.

Lilianza kwa jasho.

Asubuhi moja ya mvua Honorine alifungua kijumba cha mezani alichokuwa amekimaliza karibuni, akatoa kabatini gauni jeupe la karatasi, refu kama kidole cha kati, akaliona limelowa makwapani. Bati halikuvuja, sakafu ilikuwa kavu. Yalikuwa madoa mawili ya manjano, na kiunoni karatasi imejikunja kama nguo iliyokaliwa kutwa nzima. Akalinusa. Lilinuka mwanamke mzee aliyetoka shambani, na nyuma ya jasho lile, udi.

Alilitupa motoni, akakata lingine. Asubuhi iliyofuata hilo lingine nalo lilikuwa limelowa.

Honorine huyu, kwa asiyemjua, ni mke wa Radjabu mwendesha piki, na mama wa Falone, mtoto wao mmoja aliyebaki hai. Kazi yake ni vijumba. Usiviite vichezeo mbele yake, atakurushia makasi. Kuta alizikata kwenye karto, maboksi magumu ya sadini, mabati yalikuwa makopo ya tomati yaliyonyooshwa, milango ni mianzi, na vyote alivigandisha kwa uji wa unga wa muhogo. Kila kijumba kilikuwa na maneno yake: hapa mama mkwe amekalia kopo la sukari asije mkaza mwana akachota, hapa mume amerudi usiku na viatu mkononi, na mkewe yuko nyuma ya mlango na mwiko. Watu wake walikuwa wa karatasi za mifuko ya simenti, nao aliwavika mitindo ya mama zetu: mikono ya puto, sketi za kengele, na wanaume abakosti zao, makoti yasiyo na tai, zilizofungwa hadi shingoni. Waliokimbia vijiji vyao walikuja kumwambia, tutengenezee nyumba yetu ilivyokuwa. Wakiletewa, hulia. Naye huwaambia, lieni mkiwa mbali, karatasi inalowa.

Alikuwa na sharti moja, alilolirithi kwa mama yake: hapandishi paa kama ndani hakuna mtu. Nyumba za kweli, wenyewe huwasha moto jikoni na kulaza mtu ndani siku ile ile ya kuezeka, hata kama kuta bado zinatoa maji. Nyumba yenye paa na haina mtu ni nyumba inayotafuta mpangaji. Kwa hiyo Honorine alitia mtu wa karatasi kwanza, ndipo akaezeka.

Sharti hilo alilivunja mara moja, kwa ajili ya bibi mmoja.

Bibi huyo aliitwa Rosine, wa Kabambare, amejifunga kikwembe cha ndege wa kijani. Alitaka nyumba ya marehemu mama yake, iliyoangushwa na mvua. Alieleza sebule, vyumba viwili vya kulala, jiko, na nyuma kabisa kijichumba kisicho na dirisha. Humo alitaka mkeka, kigoda, chetezo cha udi, na kabati lenye gauni moja jeupe la mikono ya puto.

"Na watu?" akauliza Honorine.

"Watu hapana. Uache vile."

"Bibi, miye siezeki nyumba tupu."

"Wenyewe wote wamekufa, mama. Utamutia nani? Mutu wa kwenu?"

Honorine akaona haya. Mtu mwenye msiba hubishani naye. Akaezeka. Siku ya kuja kuchukua, Rosine alisimama mlangoni, akakitazama kijumba kilipo mezani, akaitikia kwa kichwa kwamba ndicho. Akasema anakwenda sokoni, atakipitia akirudi. Hakukigusa hata kwa ncha ya kidole. Na kutoka huko sokoni hakurudi.

Baada ya jasho, zikaja harufu. Mchana, saa ya jua la utosini, watu wamelala na kuku wenyewe wamenyamaza, nyumba ilijaa harufu ya sombe, majani ya muhogo, inayoungua, na Honorine hakuwa amepika. Akifungua kijumba, anakuta dari ya jiko la karto imefanya masizi. Kisha ikaja sauti: shwe, shwe, shwe, kama ukucha unaokwaruza karatasi.

"Iko panya," akasema Radjabu.

"Panya anafagia, Baba Falone?"

"Panya wa Kasongo anafanya yote. Nikiacha ufunguo wa piki mezani, kesho namukuta ameshapakia abiria."

Alicheka peke yake. Siku hiyo hiyo Falone aliamka kutoka usingizi wa mchana akiwa amechoka kuliko alivyolala. Viganja vyake vilikuwa na malengelenge.

"Umeshika nini, mama?" Honorine akamuuliza.

"Ufagio. Bibi ananituma."

"Bibi gani?"

"Ule wa nyumba kidogo. Anasema fagia, anasema teka maji, na maji iko mbali." Mtoto akapiga miayo. "Miye nataka kulala, yeye hataki."

Honorine alimvuta karibu, akashusha sauti kama mtu anayeongea kanisani. "Bibi huyo ana sura gani?"

"Sijui. Hageuki. Ananipa mugongo tu. Anasema atageuka siku nguo yangu itaisha, ndipo tutakaa naye siku zote."

Ni hapo Honorine alipokwenda kwenye kijumba na kufungua kabati. Kando ya gauni jeupe palikuwa na nguo nyingine, ambayo yeye hakuikata: sare ya shule, sketi ya bluu na shati jeupe, ndogo kama ukucha wa dole gumba, na kwenye kola kiraka kilichoshonwa kwa uzi mwekundu, kile kile alichokuwa amekishona kwenye kola ya Falone kwa sababu uzi mweupe ulikwisha. Shati lilikuwa na mkono mmoja. Wa pili ulikuwa umeanza tu, begani.

Katekista aliitwa, akanyunyiza maji ya baraka, nayo yakakauka. Mkono wa shati ukafika kwenye kiwiko.

Mchana uliofuata Honorine alifunga mlango, akamlaza Falone magotini pake na kumzuia asisinzie, akimwimbisha, akimfinya, akimpaka maji usoni, lakini mtoto alimponyoka kama anavyoponyoka samaki, kichwa kikaanguka, na mara ile ile ndani ya kijumba yakaanza makasi, si shwe shwe ya ufagio bali kacha, kacha, makasi ya mtu asiye na haraka kwa sababu anajua nguo itaisha leo au kesho, na juu ya makasi hayo Honorine akasikia miguu midogo ya mtoto ikikimbia kutoka jikoni hadi kijichumba cha nyuma na kurudi, miguu anayoijua, yenye kisigino kimoja kinachoburura tangu alipochomwa na msumari, akataka kunyanyua paa na mkono ukakataa, akabaki ameketi hivyo, mtoto wake yuko magotini pake na mtoto wake yuko mle ndani, mpaka jua lilipoinama na makasi yakanyamaza.

Falone hakuamka tena. Alipumua, lakini hakuamka.

Radjabu hakusema panya. Alikwenda kumleta Mwalimu Faradji wa madrasa, mzee mkavu anayesikia vibaya sikio moja. Mzee alisimama mlangoni, akavuta hewa puani, na hakuingia.

"Huyu hakuvamia," akasema. "Huyu amejengewa. Chumba chake, mukeka wake, chetezo chake. Kuna wazee walikuwa wanafuga jini nyumbani, wanamupa chumba. Nyumba ikianguka, naye anabaki njiani kama mutu yeyote. Miye nimufukuze kwa haki gani?"

"Nikichoma hiki kitu, Mwalimu?"

"Utamunyang'anya hii nyumba ndogo, atatazama hii kubwa munayolala. Kuta za hii ndogo zimetoka kwenu."

Honorine akaanza kulia, na mzee akamkemea. "Nyamaza, ananisikia. Sikiliza. Aliyeagiza hakutia mutu wa kwake ndani. Ndiyo maana jini anajitafutia wa kukaa naye. Mwenye nyumba akiwa ndani, jini ataacha wageni. Lakini usiezeke hapa. Ukiezeka hapa, atakaa hapa."

Honorine hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Alikaa mezani akakata mwanamke mzee wa karatasi, mabega yaliyoinama, kitambaa kichwani. Akamkatia kikwembe. Akachora ndege wa kijani, mmoja mmoja.

Safari ya Kabambare kwa piki wakati wa mvua ni adhabu. Radjabu aliendesha, Falone amefungwa katikati kwa kanga kama mzigo, na Honorine nyuma, kijumba kimefunikwa kwa shiti mapajani pake. Walipopita kijiji cha Wamaza, matope yakawa kama bugali.

"Mama Falone," Radjabu akasema polepole. "Piki iko nzito. Tuko kama watu wanne."

"Usigeuke nyuma."

"Nani amesema nageuka? Miye natazama njia."

Rosine alikuwa anachambua maharage mlangoni pake. Alipoona shiti, alisimama na ungo ukamwagika. Aliingia ndani kinyumenyume, na Honorine akaingia naye, akaweka kijumba juu ya meza, akakifunua.

"Bibi, ulisahau mali yako."

"Haiko yangu."

"Mutoto wangu yuko nje kwenye piki. Haamuki. Ulijua?"

Rosine alitazama ukutani. Pale palikuwa na kitanda kifupi cha mtoto, kimetandikwa vizuri, na juu yake viatu vya plastiki.

"Nilijua," akasema. "Nilikuwa na mujukuu, Arlette. Nyumba ya mama ilipoanguka, yule jini alitoka mule, akaja hapa kwangu, akamuona mutoto. Nilimuzika wakati wa kuvuna mupunga. Nikasema, asitafute tena kwangu."

"Ukaona akatafute kwangu."

"Nilifanya nini? Miye mutu muzee. Niko peke yangu hapa, sina tena wa kumupa. Weye bado kijana." Akafuta mikono kwenye kikwembe chake cha ndege. "Weye utazaa mwengine."

Labda hadi hapo Honorine alikuwa na huruma kidogo, huenda angekaa, wangeongea kama wanawake wawili wenye msiba. Baada ya maneno hayo hakukaa. Alitia kisu chini ya bati la kopo, akanyanyua paa. Harufu ya udi ikapanda. Katika kabati, mkono wa shati ulikuwa umefika kwenye kifundo, umebaki upindo tu. Alitoa mfukoni mwanamke wa karatasi, akamlaza kwenye mkeka wa kijichumba kisicho na dirisha.

Rosine aliona ndege wa kijani.

"Mama, usiezeke."

Honorine alifungua kikopo cha uji wa muhogo, akapaka ukingo wa ukuta kwa dole gumba.

"Mama Falone! Miye ninaweza kukuzaa!"

"Ndiyo," akasema Honorine. "Na ungenigawa."

Akaezeka. Akakandamiza pembe moja, na ya pili, na ya tatu, na ya nne, akangoja ishike. Ndani ya kijumba shwe shwe ilianza, ikanyamaza. Nje, kwenye piki, sauti ya mtoto ikasema, "Baba, niko na njaa," na Radjabu akaanza kulia kama mwehu.

Ndipo ufagio ulipoanza upya. Safari hii haukutoka mezani. Ulitoka katika chumba cha nyuma cha nyumba ya Rosine, ufagio wa ukubwa wa kweli, ukisukuma vumbi la kweli, ukija sebuleni taratibu. Harufu ya jasho ilijaa, ya mwanamke aliyetoka shambani. Ukasimama.

Rosine hakuthubutu kusogea. Alisimama ameupa mgongo mlango wa kile chumba, macho yamekodoka kwa Honorine, na akauliza kwa pumzi tu:

"Mama. Iko nyuma yangu?"

Honorine aliinua macho. Kwenye mlango ule mikono miwili ya puto, myeupe, ilijaza nafasi yote kutoka ubao hadi ubao, na juu yake palikuwa na kisogo.

"Iko," akasema. "Lakini hajageuka bado."

Akatoka, akaufunga mlango.