Mgahawa Usionunua Gesi

Mdogo wangu alikuwa akisambaza gesi ya kupikia, na mtaani wote walimwita Mtungi, hata mama. Alibeba mitungi begani kama watu wengine wanavyobeba taulo, na majiko ya watu aliyajua kuliko wenyewe. Mimi ni dobi. Napiga pasi kutwa, na ukinipa kitambaa nitakwambia kwa kidole tu kinataka moto kiasi gani. Nayasema haya mapema usije ukadhani habari hii nimeiokota barabarani.

Mji wetu si mkubwa wala si mdogo. Una hoteli chache zenye taa za rangi, halafu una migahawa ya vichochoroni isiyo hata na kibao. Hiyo ya vichochoroni ndiyo iliyokuwa ugonjwa wa Mtungi. Kipimo chake kilikuwa kimoja: mgahawa unaomaliza gesi haraka una watu, na penye watu pana mapishi. "Kizuri chajiuza, dada, kibaya chajitembeza," alikuwa akiniambia. Kila Jumamosi mchana alimpakia mkewe kwenye pikipiki, wakaenda kuonja mahali papya. Wifi yangu alikuwa mtu wa kucheka huku mdomo umejaa. Walirudi wakibishana juu ya chumvi mpaka mlangoni.

Kisha wifi akafa, kwa homa ambayo hakuna aliyeipa uzito. Mtungi hakulia. Watu wakamsifu kwamba ana moyo wa jiwe, mimi nikaona amekufa ganzi. Alihamia kwa mama, ninakoishi na mimi. Akawa anakula anachopewa, anasema asante, analala. Siku moja mama alisahau kabisa kutia chumvi, na Mtungi akaimaliza sahani bila kuinua macho. Mama aliingia jikoni akafunga mlango.

"Kila kitu natafuna kama karatasi," aliniambia, kwa sauti ya mtu anayetaja saa.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida tu. Jua la mchana, mashati yamejaa kwenye kamba, redio ya jirani inaimba peke yake. Mtungi akaingia dukani akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa na uso wa mtu aliyeamka.

"Nimeonja, dada."

"Umeonja nini?"

"Chakula! Nimesikia chumvi. Nimesikia na kitunguu. Vaa viatu twende."

Nilifurahi mno. Nilifurahi hata nikaisahau pasi juu ya kola ya mteja, ikaacha alama ya kahawia isiyotoka mpaka leo.

Palikuwa nyuma ya duka la vioo, mwisho wa kichochoro ninachopita nje yake kila siku ya Mungu. Mlango mmoja, pazia, kibao hakuna. Ndani meza zilitandikwa plastiki ya maua, safi kabisa. Wateja walikuwapo, kila mtu na meza yake, na hakuna aliyesema na mwenzake. Kule nje watu walikuwa wakijipepea kwa magazeti. Humu ndani wote walikuwa wamevaa masweta.

Mpishi alikuwa mama wa makamo, aproni nyeupe isiyo na doa. Hakutuuliza tunataka nini. Alileta sahani moja, akaiweka mbele ya Mtungi, akamshika bega kidogo, akaliachia. Mtungi akafumba macho akaanza kula. Machozi ambayo hayakutoka msibani yalimtoka pale, yakadondokea kwenye sahani, naye akala tu.

"Na mimi je?" nikatania. "Au mimi nimeletwa kutazama?"

Yule mama akanishika kiganja. Moto huo nilikuwa naujua. Ni moto wa pasi inaponyoosha pamba nzito. Niliunyakua mkono wangu haraka.

"Wewe bado una wako," akanong'ona. "Hapa huli."

Nikasimama, nikajidai nakwenda kunawa. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi nusu, nikachungulia. Sufuria zilikuwa zikitokota, mvuke umejaa mpaka darini. Zilikuwa zimekaa juu ya meza ya mbao. Nikatafuta mtungi wa gesi sikuuona. Nikatafuta mkaa, kuni, waya wa umeme. Hakuna. Matako ya sufuria yaling'aa kama yametoka dukani asubuhi ile. Mbao haikuwa hata na alama.

Niliogopa. Nilimsubiri Mtungi nje, kwenye jua, na jasho langu lilikuwa la baridi.

"Mle jikoni hamna moto," nikamwambia alipotoka.

"Najua. Siku ya kwanza niliingia kutafuta mteja. Nikamwambia yule mama, nikuletee mtungi? Akasema moto anaupata kwa wateja." Alisema taratibu, anatazama chini. "Nimeuza gesi maisha yangu yote, dada. Nitakosaje kujua?"

"Na bado unakula?"

"Nikila namsikia anacheka. Wifi yako. Yuko karibu, kama kwenye meza ya nyuma." Akavuta pumzi. "Mwenye shibe hamjui mwenye njaa."

Nikamshika mkono nimvute twende nyumbani. Ulikuwa baridi kama bomba la maji alfajiri.

Toka hapo kila mchana alikwenda. Mama alimtengenezea chai, Mtungi akakishika kikombe kwa viganja viwili, na mvuke ukakatika kabla hajaifikisha mdomoni. Akaanza kuvaa sweta alilofumiwa na mama, na jua hilo. Mashati yake nilipoyapiga pasi hayakuwa na harufu ya mtu, wala jasho, wala gesi. Lakini alikuwa akitabasamu. Mama aliliona lile tabasamu akamshukuru Mungu, nami nikakosa pa kuanzia.

Mwisho nilimwambia Mtungi waziwazi. Nilimwambia kwamba pale panamla, kwamba mke alishazikwa, na mama hana mtoto mwingine wa kiume. Alinisikiliza hadi nikamaliza.

"Sawa," akasema. "Niache kesho nikamuage. Basi, sirudi tena."

Kesho yake alirudi mapema alasiri, mkononi ana bakuli la bati lililofunikwa. Akaliweka juu ya rafu ya mbao jikoni.

"Nimemletea mama. Naye siku hizi hasikii chumvi, hasemi tu."

Kisha akakaa kwenye kiti karibu na dirisha, akaegemeza kichwa ukutani. Mama alikwenda kumwamsha ale. Aliita jina lake la utotoni, mara moja, halafu akaniita mimi.

Daktari alisema ni moyo. Sikubisha. Waliombeba walikuwa wakipokezana haraka, wanapuliza vidole. Mimi sikulia. Nilirudi dukani nikapiga pasi mashati ya watu, kwa kuwa yalikuwa yananisubiri.

Bakuli halikufunuliwa. Mama alikataa. Msiba ulipokwisha nilitaka kulitoa jikoni, kwa maana chakula cha siku zote hizo kingekuwa kimeoza. Nikaligusa. Lilikuwa la moto.

"Bado," mama akasema nyuma yangu. "Kila siku nalishika. Bado."

Nikaweka kidole tena, nikakiacha. Mimi naujua moto, na ule haukuwa wa chakula. Lilikuwa joto la mtu, la paji la uso la mtoto aliyelala.

Mama akawa kila asubuhi analikumbatia kifuani. Mwanzoni nilimwacha. Nani angemnyang'anya? Mimi mwenyewe, akienda kuoga, nilikuwa naingia jikoni naliwekea kiganja. Mtungi alikuwa mle. Nilijua ni yeye, na nilikuwa na hamu naye. Lakini siku moja nilimshika mama mkono kumvusha kizingiti, na ule mkono haukuwa na joto ndani. Siku hiyohiyo aliniomba nimpe sweta.

Nikalichukua bakuli akiwa amelala mchana. Nikalifunga kwa khanga kuukuu, nikaenda nalo kichochoroni. Fundi vioo akaniangalia napita.

"Huko unakwenda wapi, mama? Huko stoo tu, na mwenyewe alishahama."

Pazia lilikuwapo. Meza zilikuwapo, plastiki ya maua imeshika vumbi. Mtu hakuna. Kwenye migongo ya viti yametundikwa masweta. Sikulitafuta la Mtungi. Niliweka bakuli kwenye meza iliyokuwa karibu na mlango. Nikalishika kidogo. Nikaliachia. Nikatoka bila kugeuka.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa amesimama jikoni. Kwenye rafu, mahali bakuli lilipokaa, palibaki duara la kahawia kwenye mbao, na mama alikuwa amelibandika viganja viwili.

"Mama, toa mikono."

"Wanacheka," akanong'ona. "Wote wawili."

Nikapagusa. Palikuwa na joto lilelile. Nimeosha kwa sabuni, nimepiga msasa, nimeleta seremala akabadilisha ubao mzima. Duara lilirudi juu ya ubao mpya, na joto lake.

Jana nilipika mimi. Makusudi, sikutia chumvi hata punje. Nikakaa mbele ya mama nikimtazama, naomba akunje uso, anifokee kama alivyokuwa akinifokea zamani.

Akaimaliza sahani bila kuinua macho. Akasema asante.