Siku Thelathini za Tupio

Sauti ya karatasi inayofinyangwa ilitoka kwenye kompyuta ya karani wa shule saa nne asubuhi, na kompyuta ile haikuwa na spika. Karani akacheka. Mashine kuukuu haikosi vituko.

Jioni mlinzi wa lango akafariki.

Mwalimu mkuu hakupenda kuona barua pepe iliyokwisha kujibiwa, kwa hiyo karani, hodari wa njia za mkato, aliligeuza Tupio, kasha la barua pepe zilizofutwa, kuwa kabati lake: akimaliza barua anaifuta, akiihitaji anaiokota humo. Hakujua kuwa Tupio limepangwa kuteketeza kila barua inayotimiza siku thelathini.

Sauti ikarudi, safari hii na harufu ya udongo mbichi. Barua ya mwalimu wa hesabu ikatoweka machoni pake. Kabla ya kengele ya mchana mwalimu alikuwa maiti, na karani alipoitafuta barua ya mlinzi hakuikuta.

Iliyofuata ilikuwa ya bintiye: “Mama, nimefika chuoni salama.” Siku ishirini na tisa. Akaitoa Tupio, ikarudi. Akaitoa tena, ikarudi, na kila iliporudi pumzi baridi ilimpitia shingoni, hata vidole vikafa ganzi naye akaendelea kubonyeza huku akilia na kumwomba asiyemwona amchukue yeye.

Fundi wa kompyuta alifika akanusa hewa.

“Mwanangu yumo humu, fundi.”

“Shusha sauti, dada. Hiki si kirusi, ni jini. Linakula kwa ratiba. Tuliondolee ratiba.”

Akafungua ukurasa wa mipangilio, na penye siku thelathini akaweka “Usifute kamwe.” Harufu ikakata. Karani akamshika mkono.

“Bado kidogo,” fundi akanong’ona. “Niifunge programu, niifungue upya, ndipo mpangilio ushike.”

Akaifunga. Chini kabisa ya ukurasa ule, ambako hakuna aliyeteremka kusoma, palikuwa na tiki mbele ya maneno: Safisha Tupio kila programu inapofungwa.

Karatasi zikaanza kufinyangwa, si moja, mamia, kutani, darini, chini ya miguu yao, na karani akampigia bintiye simu, ikaita, ikaita, mpaka ikapokewa.

“Mwanangu! Jifungie ndani!”

“Mbona unanichanganya, Mama?” binti akajibu. “Huyu mgeni anasema umemtuma wewe. Nimeshamfungulia.”