Dawa ya Mitufaa

Maiti ililala kifudifudi katikati ya mitufaa, kwenye shamba la Gerson huko Kongwa. Kisogo kilikuwa kimepasuliwa. Viganja vilikuwa na madoa ya buluu, na kando yake kulikuwa na ndoo iliyopinduka.

"Ni Elisha, mdogo wangu," Gerson alisema. "Nilikuwa kanisani, afande. Nimerudi nikamkuta hivi."

Mkaguzi Zaitun alichuchumaa. Kilikuwa kiangazi, lakini udongo wa pale ulikuwa tope. Majani ya miti yote yalikuwa ya manjano. Ofisa kilimo aliyekuja naye alikwangua gome la shina moja karibu na ardhi. Ndani kulikuwa na rangi ya kahawia, na harufu ya kuoza ikatoka.

"Ukungu wa udongoni," alisema. "Unaozesha mizizi na shina. Maji yamezidi."

"Na hiyo buluu?"

"Dawa yake."

Kibandani, majembe yote yalikuwa na tope isipokuwa moja, lililooshwa. Wataalamu wa uchunguzi walikuta damu penye tundu la mpini.

Ruthu, mke wa marehemu, alikuwa amekaa chini, macho makavu.

"Mume wangu alimwambia shemeji apunguze maji. Akafukuzwa shambani. Leo amesubiri ibada ianze, akaingia kimyakimya kutibu miti."

Jioni, kituoni, Zaitun alimkabili Gerson.

"Mchungaji anasema uliondoka kabla ya mahubiri."

Zaitun aliweka picha ya jembe mezani.

"Jembe uliliosha wewe?"

"Ndiyo."

"Kwa nini umemuua?"

"Niliuza ng'ombe wote alioacha baba ili nipande miti ile. Ikaanza kufa. Leo nikamkuta anamwaga kitu kwenye mashina. Nikasema, kumbe ni yeye anayeiua!"

"Ilikuwa dawa, Gerson."

Gerson aliinua uso.

"Ingepona?"

"Hapana. Ilikuwa imeshaoza."

Akainamisha kichwa mezani, akalia bila sauti.

Zaitun alipotoka, alimkuta mama mzazi wa Gerson na Elisha mlangoni, vumbi la safari limemjaa miguuni. Alikuwa ameambiwa tu kwamba anahitajika kituoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wanangu wako wapi?"

Zaitun alimshika mkono. Akamtafutia kwanza mahali pa kukaa.