Tisa Haioni

"Atakayetoka mlango wa nyuma na kofia nyekundu, mpige. 704318256."

Amri iliingia kwenye simu Sindano akiwa kalala kifudifudi juu ya paa, bunduki begani, jasho likimwingia machoni. Chini yake lilikuwa ghala la genge la magendo ya silaha.

Mlango ukafunguka. Kofia nyekundu ikatoka.

Kidole kikagusa kifyatulio.

Namba kwanza! Katika idara yao, namba ya amri halali lazima igawanyike kwa kumi na moja. Akachukua tarakimu moja na kuruka moja: saba, nne, moja, mbili, sita. Ishirini. Zilizorukwa: sifuri, tatu, nane, tano. Kumi na sita. Tofauti yake ni nne. Ingekuwa sifuri au kumi na moja, angefyatua.

Amri ya uongo.

Kwenye darubini, mwenye kofia akageuza uso. Shemeji yake! Mume wa dada yake, jasusi mwenzake aliyejipenyeza humo kama mpakizi.

Hasira ikampanda hadi masikio yakawaka. Akajumlisha tarakimu zote. Thelathini na sita. Inagawanyika kwa tisa.

Kanuni ya zamani. Tisa haioni kitu: zipange tarakimu upendavyo, jumla ni ile ile. Ndiyo iliyomuua Mwalimu, aliyemfundisha kazi yeye na shemeji yake. Tarakimu mbili ndani ya amri zilipishana, anwani ikawa nyingine, tisa ikaipitisha, naye akabisha hodi kwa wauaji. Sindano aliipigania kumi na moja kwa sababu hiyo. Ofisi nzima iliisoma kanuni mpya. Mtu mmoja tu aliisaini bila kuisoma, huku akicheka: "Nyie na hesabu zenu za chekechea!"

Mkuu wa idara.

Akashika redio ya siri, iliyofika hadi sikioni mwa shemeji.

"Shemeji, anguka."

"Nini?"

"Nakupiga risasi. Ukianguka usiinuke."

"Dada yako atakuua."

"Anguka, mjinga wee!"

Risasi ikachimba ukuta. Shemeji akaanguka, akarusha na miguu kwa mbwembwe.

Sindano akaandika: *Kazi imekwisha.*

Kisha akawaita makomando.

Punde Land Cruiser nyeusi ikaingia uani. Mkuu akashuka na kumkumbatia bosi wa magendo kama ndugu wa tumbo moja. Hapo hapo geti likavunjwa. Maiti ikainuka na bastola ya Glock mkononi.

"Chini wote!"

Sindano alipofika, Mkuu alikuwa na pingu, anafoka.

"Nilitoa amri halali! Jumlisha! Inagawanyika!"

"Kwa tisa. Siku hizi ni kumi na moja: chukua moja, ruka moja, kisha toa," alisema Sindano. "Hata ile ya Mwalimu iligawanyika. Tulimzika, wewe ukacheka."

Midomo ya Mkuu ikaanza kuchezacheza, akihesabu upya, tarakimu moja na kuruka moja.

Akafika nne.

Sindano alikuwa ameshatoka getini.